Noti ya Ishirini, Pale Nyawera

BAHATI: Yaya Furaha, leo umechelewa.

FURAHA: Unisamehe, mdogo wangu. Nilisimama Nyawera, hapa Bukavu, kubadilisha dola ishirini. Kambisti, yule mbadilisha pesa wa barabarani, akaishika noti, akaiinua kwenye jua, akaigeuza, akapitisha kidole pembeni. Mpasuko mdogo tu, punje ya mchele haipenyi. "Mama, hii haipiti."

BAHATI: Laiti wangechunguzwa hivyo wanaotuma makuta, yaani pesa, kwa wauaji wa Beni!

FURAHA: Ndiyo mada yetu, wasikilizaji, karibuni: mimi nasema magaidi tuwabane kwa kufuata pesa zao na kwa mahakama, si kwa mabomu tu. Noti imekaguliwa hivyo, mimi mwenyewe sikuulizwa hata jina.

BAHATI: Naanza na ubishi. ADF, waasi wenye asili ya Uganda, ndio hao wa Beni, wanaua watu kwa mapanga. Wewe utawapelekea mhasibu?

FURAHA: Na wewe niambie: tangu jeshi la Uganda na jeshi letu, FARDC, waanze operesheni Shujaa, tarehe 30 Novemba 2021, watu wa kule wamelala usingizi? Kambi zilipigwa mabomu, sikatai. Jamaa wakagawanyika vikundi vidogo, wengine wakaenda Mambasa, na 2024 wakafika Lubero. Umewahi kupiga siafu kwa fimbo?

BAHATI: Pingu nazo? Jamil Mukulu, mkuu wa ADF, alikamatwa Tanzania 2015, akarudishwa Uganda. Kundi lilikufa? Musa Baluku akashika usukani, wakajiunga na Dola la Kiislamu.

FURAHA: Hapo umenibana. Ila kumkamata hakukuchoma kijiji cha mtu. Mimi naona kosa ni kushika mtu ukaacha mfuko wake. Angalia mabomu ya balozi za Marekani, Nairobi na Dar es Salaam, 7 Agosti 1998. Zaidi ya watu 200 walikufa. Siku hiyohiyo mmoja wa wahusika, Mohamed Odeh, alizuiliwa uwanja wa ndege wa Karachi: picha ya pasipoti haikufanana na sura yake. Afisa wa uhamiaji tu, na macho yake! Wiki mbili hazijaisha, Marekani ikarusha makombora, yakabomoa kiwanda cha dawa Khartoum. Odeh na wenzake watatu walihukumiwa kifungo cha maisha New York, 2001, mbele ya hakimu, kila ushahidi mezani.

BAHATI: Sawa, mahakama nakubali. Ila kwenye kubana pesa, usinisahaulishe 2010.

FURAHA: Sheria ya Obama ya madini.

BAHATI: Ehe! Marekani walisema wanataka kujua madini gani yanalisha wenye silaha. Septemba mwaka huo Rais Kabila akafunga migodi ya Kivu na Maniema, mpaka Machi 2011. Baba mdogo wangu alikuwa anachimba kasiterite, madini ya bati, Nyabibwe. Nyundo ikaning'inia ukutani. Mbuzi wawili wakauzwa kwa ajili ya minervali, karo ya shule; muhula uliofuata hakukuwa na mbuzi. Wenye bunduki je? Walikuwa na dhahabu, ambayo unaificha ndani ya soksi ukavuka nayo.

FURAHA: Wasomali wana kidonda kama hicho. Novemba 2001 Marekani ilifunga al-Barakaat, kampuni iliyokuwa inawafikishia pesa za ndugu zao wa ughaibuni. Baadaye wachunguzi wa Marekani wenyewe hawakupata ushahidi kwamba ilifadhili ugaidi. Ndiyo maana nasema: taja mtu, taja akaunti, mpeleke mahakamani. Usifunge kisima kizima kwa sababu ya chura mmoja.

BAHATI: Kwetu nani atafanya hiyo kazi? GAFI, chombo cha kimataifa cha kupambana na pesa chafu, ilituweka kwenye orodha ya kijivu, ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, Oktoba 2022. Desemba tukapata sheria mpya ya kuzuia pesa chafu. Karatasi nzuri.

FURAHA: Karatasi haikai Nyawera. Yule kambisti, na kameza kake na mafungu ya franga yaliyofungwa raba, anajua nani huleta noti mpya za mia kila Jumatatu. Nani amewahi kumuuliza?

BAHATI: Na akisema, usiku nani atalala mlangoni kwake?

FURAHA: Hapo sina jibu, mdogo wangu. Kulinda mtoa habari kunahitaji pesa pia, na sijaona anayeitengea bajeti kama anavyotengea risasi.

BAHATI: Na noti yako umeipeleka wapi?

FURAHA: Ameichukua.

BAHATI: Si alisema haipiti?

FURAHA: Kwa kumi na saba, inapita.