Rangi ya Glezi Haionekani Kwenye Ndoo

Wafinyanzi wenzangu, karibuni. Mezani kuna unga wa aina mbili wa kutia glezi rangi. Huu wa zambarau inayokaribia waridi ni kaboneti ya kobalti. Motoni utageuka buluu. Huu mwekundu ni oksidi ya chuma, nao waweza kutoka kijani kilichopauka, rangi ya asali, kahawia au mweusi kabisa. Anayechagua rangi kwa kuchungulia ndoo, basi, anabahatisha.

Glezi ni kioo kilichogandia juu ya chombo. Silika, madini yaliyomo mchangani, ndiyo inayofanya kioo, ila peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 1,700 za Selsiasi na ushei, joto ambalo majoko yetu hayafiki. Ndiyo maana tunaitilia viyeyushi kama sodiamu, kalisi au zinki, kisha alumina, yaani oksidi ya alumini, ili glezi isichuruzike. Wengi huipita haraka sehemu hii wakimbilie rangi, kumbe rangi inaanzia hapa hapa.

Tazameni shaba. Tia asilimia 2 kwenye glezi yenye kalisi nyingi, choma kwa hewa ya kutosha, utapata kijani cha majani. Shaba ile ile, kwenye glezi yenye sodiamu nyingi na alumina kidogo, inatoa feruzi. Sasa punguza shaba hiyo na uzibe hewa: moto uliokosa oksijeni unainyang'anya shaba oksijeni yake, na chombo kinatoka chekundu. Wachina wa Jingdezhen, mji wa wafinyanzi wa kaure, walikuwa na wekundu huo enzi za mfalme Xuande, 1426 hadi 1435, halafu ufundi ukafifia kwa vizazi kadhaa. Wenye joko la umeme msiutarajie kirahisi, maana humo hakuna kuni wala gesi inayokula hewa.

Kromiamu nayo ni mmbea. Kwa kawaida hutoa kijani. Ikikutana na zinki huwa kahawia, na ikiwa kidogo sana pamoja na bati huwa waridi. Tena hutoa mvuke ukiwa ndani ya joko, ukaenda kumpaka waridi jirani mweupe mwenye bati ambaye hakuomba.

Namna ya kujaribu? Finyanga vigae kwa udongo ule ule wa vyombo vyako, uvisimamishe wima ili uone glezi inavyotiririka. Chovya kigae chote mara moja, kikikauka chovya nusu ya juu tena, kwa sababu unene nao hubadili rangi. Kwa kila kigae pima gramu 100 za glezi kavu: kimoja ukiongezee kobalti gramu 0.25, kingine 0.5, kingine 1. Kobalti ina nguvu mno. Kuzidisha hapo mara nyingi ni kutupa fedha. Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Namba ziandikwe nyuma ya kigae kwa oksidi ya chuma iliyokorogwa na maji, kwani wino wa kalamu huungua.

Barakoa vaeni mnapopima, na meza ifutwe kwa kitambaa kibichi, isifagiliwe: vumbi la silika huharibu mapafu. Madini ya risasi msiyaguse kabisa. Glezi yenye shaba nyingi isiingie ndani ya kikombe. Kitu kichachu huweza kuitoa shaba. Lazeni kigae kwenye siki usiku kucha. Kikipauka, glezi hiyo ni ya mapambo tu. Kisipopauka, bado jicho halitoshi: kabla ya kuuza vyombo vya chakula, peleka kimoja maabara kikapimwe.