Kikundi cha maombi kinamlea nani?

Bwana Yesu asifiwe. Kaeni, wapendwa. Mchungaji amenipa dakika arobaini na tano, na mliowahi kunisikia mnajua nitaanzia wapi, kwa hiyo sizunguki.

Niliomba kila kiongozi aje na ratiba ya kikundi chake ya mwaka huu, na jana usiku nimezisoma zote. Nimeona mkesha kila mwisho wa mwezi. Nimeona mfungo wa siku tatu, wa siku saba, wa siku ishirini na moja. Nimeona maombi ya mnyororo, maombi ya taifa, maombi ya ndoa, maombi ya watoto wanaoingia kwenye mitihani. Wahubiri wageni mmeshawapanga mpaka Novemba. Yote ni mema, na asitoke mtu hapa akasema nimepinga mikesha. Mimi mkesha nauhudhuria na kuupenda. Lakini katika ratiba zote hizo sikuona jina la mtu hata mmoja anayelelewa. Jina la mhubiri lipo, jina la atakayepika chai lipo. Yule dada aliyeokoka mwezi wa tatu anakaa na nani? Anasoma nini? Mnataka ikifika Desemba awe anajua nini, awe ameacha nini, awe anaweza kufanya nini peke yake? Hakuna mahali palipoandikwa.

Bwana aliposema neno lile la mwisho la Mathayo, alisema tukawafanye mataifa kuwa wanafunzi, tuwabatize, "na kuwafundisha kuyashika yote niliyowaamuru ninyi." Kuyashika! Mtu anaweza kuyasikia yote kwenye spika usiku kucha asishike hata moja. Kushika kunataka mtu wa kukaa naye. Marko 3:14 inasema aliweka watu kumi na wawili "wapate kuwa pamoja naye," ndipo likaja la kuwatuma. Sisi tunatuma kwanza.

Niwape mfano, bila kutaja kikundi. Kijana wa bodaboda aliokoka kwenye mkesha. Ana sauti nzuri, anaomba kwa moto, watu wakafurahi. Kabla mwezi haujaisha amepewa kipaza sauti aongoze sifa. Hakuna aliyemuuliza analala wapi, anaishi na nani, ile hasira aliyotoka nayo kijiweni anaipeleka wapi. Hakuna aliyefungua naye Injili hata moja akaimaliza. Akapigana na mteja, habari zikafika kanisani, akaona aibu, akaacha kuja. Tukafanya nini? Tukamwekea maombi ya kufunga na kukemea. Tulikuwa tunakemea pengo ambalo tulipaswa kulijaza sisi, kwa kukaa naye jioni mbili kwa mwezi.

Akina mama hapa wengi mko kwenye vikoba. Kwenye kikoba, mtu asipoleta hisa wiki moja, kabla jua halijazama mweka hazina amempigia simu. Wiki ya pili wanakwenda nyumbani. Jina lake liko kwenye daftari, deni lake linajulikana, mdhamini wake anajulikana. Kikundi cha maombi mtu anapotea tangu Pasaka, na Agosti mtu anauliza, "Hivi fulani yuko wapi siku hizi?" Tunazijua hisa za watu kuliko roho zao. Nitalirudia hili kila mnaponialika mpaka libadilike.

Sasa najua kuna mtu amekaa pale nyuma anasema moyoni: Roho Mtakatifu hapangiwi ratiba. Nimelisikia hili mara nyingi mno. Ndugu yangu, Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku, na watu walijua saa zake hata maadui zake wakaweza kumtega. Petro na Yohana walikwenda hekaluni "saa ya kusali, saa tisa," na ni katika saa hiyo iliyopangwa Mungu alimwinua kiwete pale mlangoni. Kule Antiokia Barnaba na Sauli walikaa na kanisa mwaka mzima wakifundisha watu wengi, na hapo ndipo wanafunzi walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Efeso Paulo alihojiana na watu kila siku katika darasa la Tirano kwa muda wa miaka miwili. Mpango haukumzuia Roho. Uvivu wetu ndio tunauvika vazi la Roho, na hilo linaniudhi.

Na wengine mtaniambia, "Baba, mbona kile kijiji cha Herrnhut, Ujerumani, waliomba miaka mia moja?" Haya. Mmenigusa penyewe. Kila semina ya maombi nchi hii lazima mtu aitaje Herrnhut, na sisi wa Mbeya tuna haki kuliko wengine, maana wamisionari walioanza kazi Rungwe mwaka 1891 walitoka katika kanisa hilo la Wamoravian. Lakini habari yenyewe tunaisimulia kuanzia katikati. Nipeni nafasi niianze mwanzoni.

Wakimbizi kutoka Moravia walianza kufika Saksonia, Ujerumani, mwaka 1722. Walikuwa wamenyimwa kuabudu kwa imani yao. Seremala mmoja, Christian David, ndiye aliyewaongoza, na ndiye aliyekata mti wa kwanza wa kujenga kijiji. Ardhi ilikuwa ya kijana tajiri, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf. Wakafuata wengine, wenye mapokeo tofauti: Walutheri, Wareformati, watu wa kila mafundisho. Na walikuwa watu wa maombi, msisahau! Waliacha mashamba na nyumba zao kwa ajili ya imani. Pamoja na hayo, ilipofika 1726, kijiji kilikuwa kimepasuka vipande. Wanabishana juu ya ibada, wanasengenyana, mpaka kuna waliosema Zinzendorf aliyewapa makao ndiye yule mnyama wa Ufunuo. Watu walioteswa kwa ajili ya Kristo, hawawezi kukaa mtaa mmoja.

Zinzendorf akafanya nini? Hakutangaza mkesha. Alikuwa na kazi serikalini kule Dresden. Akaomba ruhusa, akahamia kijijini, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Anakaa na familia, anasikiliza, anafungua Maandiko. Tarehe 12 Mei 1727 akawakusanya, akazungumza nao saa nyingi juu ya ubaya wa mafarakano, wakakubaliana kwa maandishi namna watakavyoishi pamoja. Wakachagua wazee 12. Kiangazi hicho wakagawanyika katika vikundi vidogo sana, watu wawili, watatu, wachache zaidi ya hapo, wanaume kwao na wanawake kwao, wa kuzungumza wazi hali ya mioyo yao na kuombeana. Hapo ndipo ikaja tarehe 13 Agosti, kwenye Meza ya Bwana katika kanisa la Berthelsdorf, Roho akawashukia, wakalia, wakasameheana. Na wiki mbili baadaye, tarehe 27 Agosti, wanaume 24 na wanawake 24 wakaagana kuomba, kila mmoja saa yake, mchana na usiku. Hayo ndiyo maombi yanayosimuliwa kuwa yaliendelea zaidi ya miaka 100.

Mmeuona mpangilio? Ziara za nyumbani, agano la kuishi pamoja, wazee, vikundi vidogo, kisha moto, kisha mnyororo wa maombi. Sisi tunachukua mnyororo, tunaacha manne ya mbele, halafu tunashangaa kwa nini mnyororo wetu unakatika siku ya tisa. Na mwaka 1732, miaka mitano tu baadaye, wakatoka Leonhard Dober na David Nitschmann kwenda kisiwa cha Mtakatifu Thomas, kule Karibiani, kwa watumwa. Sisi hapa leo ni matunda ya kijiji kile. Watu waliolelewa ndio waliofika mpaka Rungwe.

Tena John Wesley, yule mhubiri wa Uingereza aliyeanzisha Umethodisti, alikwenda Herrnhut mwaka 1738 kujionea. Halafu 1742, kule Bristol, Wamethodisti wana deni la jengo lao. Wanachangishana peni moja kwa wiki, wakagawanya watu makundi ya kama kumi na wawili, kiongozi apite kila wiki kukusanya. Kiongozi akipita nyumbani anaona mambo: huyu mlevi, hawa wanapigana, huyu mgonjwa na hakuna anayejua. Wesley akaona hapohapo kwamba amepata kitu kikubwa kuliko pesa ya deni. Kiongozi akawa anauliza hali ya roho kila wiki. Lilianza kama jambo la fedha! Kwa hiyo msiniambie kwamba kikundi chenu hakina pa kuanzia.

Sasa mpango wenyewe. Muda unakwenda, naona katibu anaangalia saa.

Anza na daftari. Majina yote, simu, mtaa, na pembeni ya kila jina jina la mlezi. Mlezi mmoja asizidi watu wanne au watano. Mwanamume alee wanaume, mwanamke alee wanawake. Hili halina mjadala. Mnajua wenyewe ni vikundi vingapi vimeharibikia hapo. Mtaniambia hamna walimu. Sikuomba walimu. Paulo anamwambia Timotheo ayakabidhi "watu waaminifu watakaofaa kuwafundisha na wengine." Amesema waaminifu kwanza. Yule mama anayekuja kila Jumatano, hasengenyi, analipa madeni yake, na Biblia yake imechakaa, huyo ni mlezi tayari. Kaeni naye miezi mitatu kabla hamjamkabidhi watu.

Pili, chakula. Kikundi kizima kisome kitabu kimoja kwa wakati mmoja. Mimi naanza na Marko kila mara. Sura 16, sura moja kwa wiki, kwa hiyo mkianza Januari mnamaliza Aprili. Usiruke, usichague mistari ya ushindi tu. Mtu akimaliza Marko amemwona Yesu akifanya kazi, akichoka, akisali mapema alfajiri, akisalitiwa, akifufuka. Kisha Yakobo, sura tano tu, ila nendeni polepole, wiki mbili mbili, kwa sababu Yakobo anagusa ulimi, anagusa mshahara wa kibarua uliozuiliwa, anagusa kupendelea mwenye gari kwenye viti vya mbele. Baada ya hapo Zaburi, kwa ajili ya maombi yenyewe. Wanafunzi walimwambia Bwana, "tufundishe sisi kusali, kama vile Yohana alivyowafundisha wanafunzi wake." Kusali kunafundishwa! Watu wetu wanajua namna moja tu ya kuomba, ya sauti kubwa na ya kudai. Hawajui kuomboleza kama Zaburi ya 13. Hawajui kukiri kama ya 51. Hawajui kunyamaza. Mtoto akifa nyumbani, ile namna moja waliyofundishwa haiwatoshi, na wengine imani inaishia hapo. Chukueni zaburi moja kwa wiki, msomeane, halafu kila mtu aombe kwa kufuata njia ya zaburi ile, kwa maneno yake mwenyewe. Fanyeni hivyo kwa miezi mitatu, mtaona watu waliokuwa hawafungui kinywa wanaomba.

Tatu, maswali ya mlezi. Matatu yanatosha: umesoma nini wiki hii, umetii wapi, na unapigana na nini. Halafu sikiliza. Usihubiri! Walezi wengi wanaharibu hapo. Mtu ameanza kufunguka, mlezi ameshaanza mahubiri ya nusu saa. Na lililosemwa libaki hapo. Yakobo 5:16 inatuambia tuungame dhambi sisi kwa sisi na kuombeana tupate kuponywa, lakini mwenye kuungama akisikia habari zake zimegeuka "mahitaji ya maombi" kwenye kundi la WhatsApp, hatafungua mdomo tena maisha yake yote. Mlezi atakayetoa siri aondolewe. Isipokuwa mtoto anaumizwa au maisha ya mtu yako hatarini. Hapo unakwenda kwa mchungaji siku hiyohiyo na kwa wenye mamlaka.

Nne, kalenda. Mpange kwa kufuata maisha ya watu. Mvua zikianza Novemba watu wako shambani, msiweke mfungo mrefu na mkesha wiki ya kupanda mahindi. Mfungo uwekeni Kwaresima, watu wote wanafunga. Wanafunzi wa bweni wapewe mlezi wa likizo.

Nilitaka kusema juu ya wanaohama kwenda Dar es Salaam na Tunduma kutafuta maisha, tunawapoteza wengi kwa kutowaandikia barua ya utambulisho kwa kanisa la huko. Andikeni. Na fedha: kikundi kisiwe na mfuko asioujua mzee wa kanisa. Na ule uamsho wa Gahini, Rwanda, wa miaka ya 1930, na namna ndugu wale walivyotembea nuruni, tutauzungumza siku nyingine, sitauharakisha.

Mtu ameniuliza hapo mlangoni tutajuaje kama mpango unafanya kazi. Msihesabu watu wa mkesha. Ifikapo Desemba muulize kila mlezi: katika watu wako wanne, nani sasa anaweza kulea wengine? Akitaja mmoja, mshukuruni Mungu na mumpe watu huyo mmoja. Asipotaja hata mmoja, kaeni naye, msimfukuze.

Chai haijaiva, nimeuliza. Katibu ana karatasi. Kila kikundi kikae pamoja sasa hivi, viongozi waandike majina ya watu wote wanaowakumbuka tangu Januari mwaka jana, hasa waliopotea. Mkikwama kwenye jina, mpigieni mtu simu mumuulize. Hatuanzi kupanga walezi kabla orodha hizo hazijafika hapa mezani.