Kingamwili Haisubiri Adui Afike

Nitalirudia hili, na mlionisikia kabla mnivumilie. Mwili haumwoni mdudu kwanza ndipo ukae kitako kubuni kingamwili, yaani protini ya kumshika na kumkabili. Seli B inayomtambua, yaani ile seli nyeupe ya damu inayotengeneza kingamwili, ilikuwemo tayari, ikizunguka kwenye damu, kabla ugonjwa haujabisha hodi. Ugonjwa haufundishi kitu. Unachagua! Mwanasayansi wa Australia, Macfarlane Burnet, alilisema hili mwaka 1957, na bado tunawafundisha watoto kinyume chake.

Mtaniuliza: jeni zetu za kutengeneza protini ni kama 20,000 tu, kingamwili za mamilioni ya aina zitoke wapi? Hapo ndipo ninapompenda Susumu Tonegawa, mwanasayansi Mjapani. Mwaka 1976, akiwa Basel, Uswisi, yeye na Nobumichi Hozumi walichukua DNA ya kiinitete cha panya na DNA ya seli za uvimbe wa panya zinazotengeneza kingamwili, wakazikata kwa kimeng'enya kilekile, wakazilinganisha. Kwenye kiinitete, sehemu mbili za jeni ya kingamwili zilikaa mbalimbali. Kwenye uvimbe, zimeungana. Hebu fikirini: seli imekata DNA yake yenyewe ikaiunga upya! Na sisi tuliamini DNA ni ileile, utosini hadi unyayoni.

Kazi hiyo hufanyika ndani ya uboho wa mifupa. Kingamwili huundwa kwa minyororo ya protini, mizito na miepesi, na jeni zake zimegawanyika katika vipande vya makundi yanayoitwa V, D na J. Kwa mnyororo mzito pekee, seli changa huokota kipande kimoja kati ya V kama 40, kimoja kati ya D 23, kimoja kati ya J 6. Zidisheni: ni zaidi ya 5,000, na bado hatujagusa mnyororo mwepesi, wala herufi za DNA zinazochomekwa ovyo pale vipande vinapounganishwa. Seli inayoushika mwili wenyewe hurekebishwa, la sivyo hufa au hunyamazishwa.

Basi mbona kingamwili huchukua siku kadhaa kuonekana? Kwa sababu seli zinazolingana ni chache mno, lazima zigawanyike kwanza. Siku koo linapouma, papasa chini ya taya: ile tezi iliyovimba, inayouma ukiibonyeza, ni uchaguzi unaoendelea chini ya kidole chako. Baadhi ya seli hizo zitakuwa seli za plasma, kila moja ikimwaga maelfu ya kingamwili kwa sekunde.

Na yule anayesema kingamwili hunolewa baadaye kwenye tezi, kwa hiyo mwili umejifunza? Hapana. Mabadiliko ya jeni yanayoinoa ni ya bahati nasibu. Seli ambazo kingamwili zake hushika vizuri huendelea, nyingine hufa. Ni uchaguzi uleule, duru ya pili. Kingamwili ya aina ya IgM kugeuka aina ya IgG, na seli za kumbukumbu zinazobaki baada ya ugonjwa, nimeviruka, muda umeniishia.