Pangaboi Halizunguki, Taratibu Yuko Juu

ATHUMANI: Asalaam aleikum wasikilizaji wetu, popote mlipo. Mnatusikia kutoka Lamu, mimi ni Athumani, na Bi Zuhura karudi salama. Leo tulipanga mambo matatu ya kujua kabla hujamwachia kinyonga wako atembee nje ya kizimba. Lakini tangu aingie mlango ule, Bi Zuhura hana neno ila joto.

ZUHURA: Joto la Malindi, Athumani! Kaskazi limeshalegea, kusi hakujaingia, jani halitikisiki. Na mimi nimekaa chini ya pangaboi zuri, jipya, halina kasoro, na hakuna ruhusa ya kuliwasha.

ATHUMANI: Anza mwanzo. Wanajua ulikwenda arusini, mengine hawayajui.

ZUHURA: Nilikwenda arusi ya mdogo wake Rukia. Rukia mnamjua, mtoto wa mama mkubwa, ndiye aliyetuletea ile achari ya maembe uliyoimaliza peke yako. Nyumba yao iko Shela ya Malindi, si hii Shela yetu. Basi Rukia anafuga kinyonga, jina lake Taratibu. Na kibali cha KWS, shirika la wanyamapori, anacho, kabla hujaniuliza.

ATHUMANI: Nilikuwa nauliza. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haisemi kinyonga ni mdogo basi mchukue tu.

ZUHURA: Anacho. Taratibu ana kizimba cha wavu barazani, kirefu, kina matawi na majani. Lakini asubuhi mlango wake unafunguliwa, akitaka atoke, akitaka abaki. Siku zote akitoka hupanda pazia, anakaa kwenye fimbo ya pazia, mwisho wa safari. Wiki ya arusi vijana wakatundika taa za mapambo, ule uzi wa vitaa, kutoka fimbo ya pazia mpaka kwenye ndoana ya pangaboi.

ATHUMANI: Wakamjengea daraja.

ZUHURA: Wakamjengea daraja! Asubuhi ya kupika tunatafuta Taratibu yuko wapi, yuko juu ya pangaboi, kwenye kile kikombe cha kati, katulia. Rukia akachukua selotepu akaiziba swichi. Kipande hivi, kipande hivi, halafu kimoja kikubwa juu. Akasema hili haliwashwi mpaka ateremke mwenyewe.

ATHUMANI: Chumba kina watu wangapi?

ZUHURA: Chumba kimejaa. Wakwe wamefika, mashoga wa bibi arusi wamefika, kila mtu na buibui lake, na udi unafuka.

ATHUMANI: Mpaka lini?

ZUHURA: Mpaka jioni.

ATHUMANI: Bi Zuhura!

ZUHURA: Mpaka jioni, Athumani. Na mimi nilikuwa upande wa Rukia, na bado niko.

ATHUMANI: Subiri kwanza. Kwa nini hakutwaliwa kwa mkono akarudishwa kizimbani?

ZUHURA: Kwa sababu kinyonga hang'olewi alipokamata. Nilimwona kwa karibu siku ya pili, alipopita mkononi mwangu. Vidole vyake vimegawanyika mafungu mawili, viwili upande mmoja, vitatu upande wa pili, vinabana kama koleo. Na mkia nao umejizungusha. Ukimvuta unaweza kumvunja. Anayemjua humwekea mkono au kijiti mbele ya kifua, akapanda kwa hiari yake. Sasa ngazi ililetwa, kijana akapanda, Taratibu akavimba shingo, akafungua kinywa, akafoka. Kijana akashuka mbio kuliko alivyopanda.

ATHUMANI: Na ndipo wazee wakaondoka.

ZUHURA: Bi Mkubwa mmoja kutoka Mambrui alikataa kuvuka kizingiti. Ati kinyonga ana sumu, akikutemea huponi. Nikamkalisha ukumbini nikamweleza: mama, kinyonga hana sumu, si ya meno wala ya mate. Kule kuvimba ni kutisha tu, kwa sababu hawezi kukimbia. Akanisikiliza vizuri sana. Kisha akasema, basi mimi nitakaa hapa hapa.

ATHUMANI: Alijua ukumbini kuna upepo.

ZUHURA: Huenda! Kulikuwa na upepo kidogo, ndiyo.

ATHUMANI: Sasa wasikilizaji, jambo la kwanza tulilopanga ni jua. Na naliingiza hapa hapa maana linahusu pangaboi. Kinyonga anahitaji miale ya jua, ile ya UVB, ndiyo inayomtengenezea vitamini D, na bila hiyo mwili hautumii chokaa ya chakula, yaani kalsiamu. Mifupa inalainika, miguu inapinda, taya linakuwa laini. Na kioo cha dirisha cha kawaida kinaizuia karibu yote. Sasa niambie, Bi Zuhura, juu ya pangaboi kuna jua gani?

ZUHURA: Hakuna. Lakini hakai pangaboini maisha yake yote. Umewahi kumwangalia kinyonga akijipangia siku? Asubuhi Taratibu hukaa kwenye asmini ya Rukia iliyo kwenye chungu barazani, ubavu umeelekezwa kwenye jua, na upande ule ule unapiga weusi ili ushike joto. Jua likikaza anahamia kivulini, anakuwa kijani kilichopauka na ule mstari mweupe wa ubavuni. Wataalamu waliwachunguza vinyonga wa Madagaska wakaona kwamba aliyepungukiwa na vitamini D kwenye chakula hukaa juani zaidi kuliko aliyeshiba. Anajua mwili wake unataka nini! Ukimfungia kwenye kisanduku umemnyima kuchagua.

ATHUMANI: Mimi sijasema kisanduku. Nasema kizimba kikubwa cha wavu, kiko barazani, jua upande mmoja, kivuli upande mmoja. Humo atachagua. Humo hamna mlango wa kumbana, hamna mtu wa kumkanyaga, hamna paka. Mimi nakaa Lamu, Bi Zuhura. Paka wetu unawajua.

ZUHURA: Rukia hana paka.

ATHUMANI: Jirani je? Na kunguru? Malindi yote kunguru wa Bara Hindi, dirisha likiachwa wazi anaingia mpaka jikoni. Na ule udi uliosema unafuka! Moshi unapanda juu, Bi Zuhura. Nani yuko juu?

ZUHURA: Hapo...

ATHUMANI: Nani yuko juu?

ZUHURA: Udi ulihamishwa. Rukia alikitoa chetezo akakiweka ukumbini.

ATHUMANI: Kwa Bi Mkubwa wa Mambrui.

ZUHURA: (anacheka) Kwa Bi Mkubwa wa Mambrui, ndiyo. Naye akashukuru, akajifukiza vizuri. Lakini Athumani, hilo ndilo ninalotaka uone. Rukia anajua kwamba ukimfungulia mnyama nyumba, nyumba ndiyo inayobadilika. Hapigi dawa ya mbu ya kupuliza, maana inzi aliyepuliziwa akiliwa ni sumu ileile. Wote wanaangalia juu ya mlango kabla ya kuufunga. Asubuhi na jioni analoanisha asmini, kwa sababu kinyonga hatambui maji ya bakuli. Anaramba matone kwenye majani. Huo ndio ufugaji, kuliko kumweka mahali ukamsahau.

ATHUMANI: Hilo la maji lilikuwa jambo la pili, umelila.

ZUHURA: Samahani.

ATHUMANI: Hapana, umelisema vizuri. Lakini mimi nauliza: huo uhuru ni wa nani? Kinyonga hana haja ya sebule. Hajui kochi. Ukimtoa kizimbani ukamweka sebuleni, umemtoa kwenye majani ukamweka kwenye kitambaa. Anapanda juu kabisa kwa sababu anaogopa, huko chini kuna watu. Sisi tunamtazama tunafurahi, tunasema yuko huru.

ZUHURA: Kupanda juu ndiyo hali yake hata porini.

ATHUMANI: Porini akipanda juu anakuta majani na jua. Kwenu anakuta pangaboi.

ZUHURA: Lililozimwa!

ATHUMANI: Lililozimwa leo. Kesho mgeni asiyejua anaingia, anasikia joto, anabandua selotepu. Mapanga yale hayamsubiri mtu.

ZUHURA: Ndiyo maana mtu anakaa pale. Zamu ilipangwa. Mimi mwenyewe nilikaa zamu chini ya ile swichi.

ATHUMANI: Zamu ya swichi! Arusini!

ZUHURA: Na sikubanduka. Mama mkwe alinijia kwa upole, akasema mwanangu, washa kidogo tu, namba moja. Nikamwambia mama, hata namba moja linazunguka.

ATHUMANI: Mimi ningewasha.

ZUHURA: Usingewasha.

ATHUMANI: Sikiliza. Ningemwomba Rukia tangu mkesha: siku za arusi Taratibu abaki kizimbani kwake, barazani, afunikwe upande mmoja asione zogo. Kinyonga anaishi peke yake, hataki umati. Akiuona umati anabadilika rangi, haachi kutishika. Halafu pangaboi linawashwa, Bi Mkubwa anaingia ndani, kila mtu anakula biriani lake bila kuloa jasho. Ametendewa mema yeye na wageni pia.

ZUHURA: Na akizoea mlango uko wazi kila siku, ghafla umefungwa, anapanda wavu anashuka wavu kutwa nzima, hilo hulioni? Nimemwona siku moja kabla ya arusi walipojaribu. Hakutulia mpaka ukafunguliwa.

ATHUMANI: Basi mlimzoesha vibaya tangu mwanzo.

ZUHURA: Hapo sikubali.

ATHUMANI: Nami hapo siondoki. Na kuna jambo jingine kuhusu kuachia. Mwaka 1972 huko Hawaii, mwenye duka la wanyama aliletewa vinyonga kutoka hapa hapa Kenya, wale wa pembe tatu. Walifika wamechoka na safari, akawaachia bustanini wapate nguvu. Nia njema kabisa. Hawakurudi. Mpaka leo wako kwenye misitu ya visiwa vile, wanakula wadudu na konokono ambao hawapatikani kwingine duniani. Mlango wazi haurudi nyuma.

ZUHURA: Hao walipelekwa ng'ambo ya bahari. Taratibu ni wa pwani hii hii. Akitoka dirishani akapata mwarobaini wa jirani, amefika kwao, hakuna kisiwa alichoharibu.

ATHUMANI: Basi kwa nini asipelekwe huko moja kwa moja? Ukisema kwao ni mwarobaini, mpe mwarobaini!

ZUHURA: Kwa sababu alilelewa na mtu tangu mdogo. Hajui kunguru ni nani.

ATHUMANI: Umeona? Kwa hiyo umekubali kunguru ni hatari.

ZUHURA: Nimekubali kunguru ni hatari. Sijakubali kizimba kifungwe.

ATHUMANI: Kibwana wa mitambo ananionyesha vidole, dakika zimekwisha. Na jambo la tatu hatujaligusa, la jike na mayai.

ZUHURA: Lisemwe haraka, hilo ni la kuua.

ATHUMANI: Jike wa aina zinazotaga anaweza kutaga hata kama hajakutana na dume. Akianza kushuka chini, anazunguka sakafuni, anakwaruza pembeni, msimrudishe juu mkidhani kapotea. Anatafuta udongo. Mwekeeni ndoo ya mchanga wenye unyevu, wenye kina, na mmwache peke yake. Asipopata pa kuchimba, mayai yanaweza kumkwama tumboni akafa.

ZUHURA: Na hilo kizimbani ni gumu kuligundua kuliko nyumbani akiwa huru.

ATHUMANI: Umeanza tena! Kizimbani ndoo iko palepale, hana haja ya kuzunguka.

ZUHURA: Haya, tutaendelea. Mengine tuliyoandika, chakula na kumtafuta usiku kwa tochi, yamebaki kwenye karatasi.

ATHUMANI: La tochi tu, sekunde moja: usiku akilala anapauka, ukimmulika anaonekana waziwazi kuliko mchana. Mkimpoteza, ngojeni giza.

ZUHURA: Na mzime pangaboi kwanza.

ATHUMANI: Wageni watoke kwanza, ndipo lizimwe.

ZUHURA: Lizimwe, kisha wageni waamue. Wasikilizaji, tuambieni ninyi mngefanyaje, na mseme nyumba yenu ina pangaboi au haina, maana asiye nalo hajui tunachogombania.

ATHUMANI: Na mwenye nalo aseme alishika zamu au hakushika. Wiki ijayo tuna boti za Mokowe. Kibwana, kata.