Kibao Kilichong'olewa na Mashtaka Yanayokifuata
Mhadhara uliotolewa Masasi, mkoani Mtwara

Ndugu wenyeviti wa vijiji, watendaji wa kata, mafundi wa kuchomelea, na nyinyi maafisa usafirishaji wa bodaboda mliojaza viti vya nyuma, asanteni kwa kufika. Leo tunazungumzia wizi wa vibao vya alama za barabarani na nguzo zake. Naanza na utetezi ambao washtakiwa wengi huukimbilia: "Kile kibao kilikuwa kimesimikwa ardhini kwa zege. Kitu kisichobebeka kitaibiwaje?"

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, imeshalijibu hilo. Vifungu nitakavyovitaja ni vya toleo la 2022. Kifungu cha 257 kinasema kitu kisicho na uhai chenye mwenyewe kinaweza kuibiwa mara tu kinapohamishika, hata kama aliyekifanya kihamishike ni mwizi mwenyewe. Kifungu cha 258 nacho kinataka kitu kisogee. Kwa hiyo ukiwa bado unakata bomba kwa msumeno wa chuma, wizi haujatimia. Ukilisogeza hata hatua mbili, umetimia, na kifungu cha 265 kinakupeleka hadi miaka 7 jela. Aliyeshtuliwa akatupa msumeno na kukimbia asidhani amepona. Kujaribu kuiba ni kosa, na lile bomba lililokatwa nusu ni uharibifu wa mali chini ya kifungu cha 326, ambacho nacho kinafika miaka 7.

Je, kibao kilichoangushwa na lori? Msimu wa korosho haya hutokea: lori linapinda vibaya, kibao kinalala majanini, mtu anapita asubuhi na kukiokota. "Nimeokota" ni utetezi halali pale tu ambapo mwokotaji hakumjua mwenye mali na aliamini kwa sababu za msingi kwamba hawezi kupatikana. Alama ya barabarani haiangukii humo. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya wakala wa serikali aitwaye TANROADS, za wilaya na mitaa ziko chini ya wakala mwingine, TARURA, na kila mtu hapa anajua hivyo. Dereva aliyekigonga naye ana wajibu wa kuripoti polisi, kwa sababu ameharibu mali ya umma.

Sasa tuje kwa mnunuzi, maana bila yeye biashara hii haipo. Bomba la nguzo linageuka mguu wa kitanda au fremu ya geti, bati la kibao linageuka jiko la mkaa, na kinachobaki kinapandishwa mizani kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kifungu cha 311 kinamhusu anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi. Adhabu yake inafika miaka 10, yaani inamzidi hata mwizi. Angalieni maneno "sababu ya kuamini". Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, hailazimiki kuthibitisha kwamba uliambiwa. Ukiletewa saa nne usiku bati lenye picha ya kona kali, mahakama itakuuliza ulifikiri limetoka dukani? Kwa maoni yangu, operesheni inayokamata vijana wa misumeno na kuliacha banda la mizani bila kuguswa ni kupoteza mafuta ya gari.

Kuna ngazi mbili za mashtaka zilizo juu zaidi. Ya kwanza ni Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200, pale hasara inapoangukia mamlaka ya umma. Humo, baada ya marekebisho ya 2016, kifungo ni kati ya miaka 20 na 30. Shauri la namna hiyo haliwezi kusikilizwa bila ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka, na kesi imewahi kuanguka kwa karatasi hiyo tu kukosekana au kukosewa.

Ya pili ni kifo. Chukueni mteremko wa kutoka Newala kuja Masasi. Alama ya mteremko mkali imeng'olewa, na dereva mgeni anaingia konani akiwa na gia kubwa. Kuua bila kukusudia ni kifungu cha 195, na kifungu cha 198 kinaruhusu hadi kifungo cha maisha. Mwizi atasema aliyeua ni dereva. Kifungu cha 203 kinamjibu: mtu huhesabika amesababisha kifo hata kama tendo lake lisingeua bila kuambatana na tendo la mwingine. Ila ushahidi wake ni mgumu. Huko Florida, Marekani, vijana watatu walikufa mwaka 1996 kwenye njia panda ambayo alama yake ya "simama" ilikuwa imeanguka. Watu watatu waliokuwa wakiiba alama walitiwa hatiani mwaka 1997 kwa kuua bila kukusudia. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa ikatengua hukumu hiyo kutokana na hoja za mwisho za mwendesha mashtaka. Utetezi ulikuwa kwamba waliiba alama nyingine, si hiyo, na kwamba huenda hiyo iligongwa na gari.

Hapo ndipo kesi zetu nazo hufia: ni kibao kipi, kilitoka wapi? Mshtakiwa akikutwa na bati, lazima ithibitishwe kwamba ni lile la pale. Msing'oe kisiki cha bomba kilichobaki kwenye zege. Kipigeni picha, juu na pembeni, kikiwa na kitu cha kupimia kama rula au futi. Alama za meno ya msumeno kwenye kisiki na kwenye bomba lililokamatwa zikilingana, hapo mna ushahidi unaosimama. Fundi akishapaka rangi juu ya kibao, ikwaruzwe pembeni kidogo na kumulikwa kwa tochi: karatasi ya kuakisi mwanga itang'aa, bati la kawaida halifanyi hivyo. Matundu ya boliti nayo yapimwe nafasi zake na kulinganishwa na kibao cha aina hiyo hiyo kilichobaki barabarani.

Mali ikikamatwa, hati ya ukamataji ijazwe palepale, isainiwe na mshukiwa, askari na shahidi huru. Mwenyekiti anayeitwa kesho yake kusaini karatasi ya jana atavunjwavunjwa na wakili kizimbani. Kila mkono uliopokea kielelezo, yaani mali hiyo itakayopelekwa mahakamani, uandikwe. Na mhandisi wa wakala aje mahakamani kukitambua kibao na kutaja thamani yake, pia ili mahakama ikitaka kuamuru fidia iwe na pa kuanzia.

Raia wanaruhusiwa kumkamata mwizi na kumfikisha polisi bila kuchelewa. Hawaruhusiwi kumpiga. Mwizi wa kibao akifia mikononi mwenu, kesi ya kibao imekwisha na yenu imeanza.

Limeletwa swali kwa kikaratasi: watoto waliochukua nguzo mbili kutengeneza goli, je? Aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kijinai. Wa miaka 10 na 11 hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua anatenda kosa. Kuanzia 12 hadi kabla ya 18 anashtakiwa Mahakama ya Watoto, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumfunga jela. Nguzo zenyewe zirudishwe kwa wakala kwa maandishi. Msizisimike wenyewe, maana alama iliyowekwa mita chache kutoka mahali pake inamwonya dereva akiwa ameshachelewa. Wakati mnasubiri, wekeni matawi mabichi pembeni mwa barabara, mbali kabla ya kona, na pigeni simu ya dharura, 112.