Milioni 5 za kufungua duka la nguo: zigawe hivi kabla hujaenda Kariakoo

Karibu. Leo tunapanga hesabu ya duka dogo la nguo za kike hapa Dar es Salaam. Chukua daftari na kalamu, na pale nitakapotaja namba, simamisha video uandike za kwako. Hizi zangu ni za mfano. Bei za mtaani kwako unazijua wewe.

Tuseme una shilingi 5,000,000. Anza na fremu, yaani chumba cha duka. Wenye fremu wengi hawapokei kodi ya mwezi mmoja. Wanataka miezi sita au mwaka. Fremu ya 200,000 kwa miezi sita ni 1,200,000, imeshatoka. Kabla hujasaini mkataba, zungumza na mwenye fremu kuhusu kodi ya zuio, asilimia 10 ya pango. Kisheria inakatwa kwenye pesa yake, lakini TRA, mamlaka ya mapato, watakuuliza wewe mpangaji. Elewaneni mapema.

Rangi, taa, kioo kirefu, henga, na sanamu mbili za kuvalisha: tenga 700,000. Leseni ya manispaa, makadirio ya kodi ya TRA na mambo madogomadogo, 300,000. TIN yenyewe, namba ya mlipakodi, hailipiwi.

Umebaki na 2,800,000, na hapa naomba unisikilize vizuri. Usiende nayo yote Kariakoo! Mzigo wa kwanza uwe wa 1,500,000. Weka 700,000 ya kujazia, na 600,000 ya umeme, ulinzi, nauli na bando. Mzigo wa kwanza unanunua kwa kukisia. Wateja ndio watakaokuonyesha wanachotaka, na siku wakikuonyesha, uwe na pesa ya kukifuata. Maduka mengi yanafungwa yakiwa yamejaa nguo, kwa sababu pesa yote imening'inia kwenye henga.

Sasa twende sokoni. Fika asubuhi, zunguka Mtaa wa Kongo na mitaa ya jirani, uliza bei ya jumla bila kununua. Ukirudi kununua, tazama hapa ninavyofanya: nageuza gauni ndani nje, navuta mshono kwa vidole viwili, napandisha zipu na kuishusha. Kisha nachukua leso nyeupe iliyolowa, nasugua kwenye pindo. Unaona? Leso imeshika rangi. Hili naliacha, kwa sababu mteja akilifua na nguo nyingine, harudi tena.

Kuhusu saizi, wauza jumla wengi wanakupa seti, S mpaka XXL. Omba wakuvunjie seti, uchukue saizi zinazovaliwa na wateja wako. Wakikataa, tafuta mwenzako mwenye duka mtaa mwingine mgawane seti. Lakini mitindo michache yenye saizi zote wanazovaa wateja wako inauza kuliko mitindo mingi yenye pisi mojamoja, maana mteja akipenda gauni akakosa saizi yake, hanunui lingine, anaondoka.

Bei. Gauni umenunua 15,000, usafiri na mfuko 1,000, jumla 16,000. Ukiuza 25,000, faida ni 9,000. Kodi ya fremu na gharama nyingine kwa mwezi zikiwa 300,000, lazima utoe magauni 34 ndipo usile mtaji. Lakini wateja wetu wanaomba kupunguziwa. Ukishuka mpaka 22,000, faida inabaki 6,000 na sasa unahitaji magauni 50. Kwa hiyo andika bei ya mwisho ya kila nguo kwenye daftari lako, na msaidizi wako aijue asiivuke.

Nguo ya kukopesha, hata kwa shoga yako, iandikwe jina, simu na tarehe ya kulipa. Mtaji mdogo haubebi madeni.

Kila jioni andika kilichouzwa: mtindo, rangi, saizi. Baada ya mwezi mmoja angalia. Kinachoisha haraka kifuate kwa ile 700,000. Kilichokaa wiki sita, kishushe mpaka bei uliyonunulia, kitoke, pesa irudi dukani. Na ukiona Idi au Krismasi inakaribia, nenda ukachukue mzigo mapema, kabla bei za jumla hazijapanda.