Mkata Umeme Hapimwi kwa Mabao

Ndugu zangu wanamichezo, narudia hoja ileile, maana kila dirisha la usajili likifunguliwa, Msimbazi kwa Simba na Jangwani kwa Yanga kote tunamhukumu kiungo mkabaji, yule tunayemwita mkata umeme, kwa asiyoyaweza. Hapigi pasi ndefu, hafungi, hana chenga, auzwe! Haya, hawezi. Lakini akiondoka, ni wachezaji gani wengine watashindwa kufanya kazi zao? Hilo hamliulizi.

Chukueni Real Madrid ya 2003. Mnaijua, siisimulii. Claude Makélélé, miaka 30, kabeba ubingwa wa Hispania mara mbili na wa Ulaya 2002, anauzwa Chelsea. David Beckham anaingia. Sasa tazameni kazi yenyewe. Roberto Carlos akipanda kushoto, Makélélé haukimbilii mpira. Anasogea kuziba nafasi nyuma ya beki huyo, ili beki wa kati asivutwe pembeni. Salgado akipanda kulia, anafanya vivyo hivyo upande wa pili. Zidane na Figo, viungo wa kushambulia, hawakulazimika kurudi mbali kukaba. Akinyang'anya mpira, pasi fupi kwa Zidane, basi. Mnaiita pasi ya woga. Mtu anayejua mipaka yake hapotezi mpira katikati wakati mabeki wa pembeni wote wameshapanda, na hapo ndipo timu nyingi zinapofungwa.

Msimu wa 2002/03 Madrid walifungwa mabao 42 kwenye ligi. Msimu uliofuata, 54. Wakapoteza mechi tano za mwisho mfululizo, wakamaliza wa nne. Beckham na Guti ni mafundi wa pasi, lakini wote walipenda kwenda mbele. Eneo la mbele ya mabeki wa kati likabaki wazi, mipira ya pili, ile inayodondoka baada ya kugombewa, ikawa ya wapinzani. Ubingwa wa ligi hawakuugusa tena hadi 2007. Chelsea nao, Makélélé akiwemo, 2004/05 walifungwa mabao 15 tu katika mechi 38.

Najua mtasema beki wa kati Hierro naye aliondoka, na kocha Del Bosque pia. Kweli kabisa, yale mabao 12 ya ziada siwezi kumbandika mtu mmoja. Lakini hoja hiyo inazidisha kosa! Beki mzoefu kaondoka, anabaki kijana kama Pavón, halafu unamwondolea na ngao? Mtasema Makélélé alizeeka. Miaka mitano baadaye alianza fainali ya Ulaya pale Moscow, 2008. Na Esteban Cambiasso, aliyeiweza kazi ile na alikuwepo palepale, wakamwacha aende Inter bure 2004.

Kuna wakati kuuza ni sahihi, tena kunapimika. Kaa jukwaa la juu, dakika 90, mfuate yeye, achana na mpira. Timu ikianza kucheza kutoka kwa kipa, je, wapinzani wanamwacha huru kwa makusudi na kuwabana wenzake? Basi kila mnapojenga shambulizi mko pungufu mtu mmoja. Akipokea mpira kila mara kalipa mgongo goli la wapinzani, hana njia ila kurudisha kwa beki. Mkipoteza mpira, sekunde tano za kwanza yuko wapi? Kama wapinzani wanageuka na mpira mbele ya mabeki wenu naye yupo uwanjani, hata kazi yake moja imemshinda. Huyo auzwe. Ila msimpime nyumbani Kwa Mkapa dhidi ya timu iliyopaki basi, yaani iliyojaza watu wote nyuma. Hapo hana cha kukata. Mpimeni ugenini, Ligi ya Mabingwa Afrika.

Muda umenitupa mkono, namalizia na mkataba: ukibaki mwaka mmoja bei inashuka, na miezi sita ya mwisho anaweza kusaini kwingine bila klabu kupata kitu. Kwa hiyo kamati iamue kabla ya hapo, na mbadala wake awe ameshasaini kabla hamjamwachia. Msisubiri siku ya mwisho ya dirisha, mkaishia kumchezesha namba kumi, kiungo mshambuliaji, pale kwenye nafasi ya sita ya mkabaji.